Moyo wa Ukoo

Katika ukoo ule wanaume hawakuzeeka. Walifika umri wa kuota mvi za kwanza kwenye ndevu, wakaanguka. Babu alianguka akifunga kamba za viatu. Baba alianguka kiwandani, mbele ya mashine iliyoendelea kuzunguka kama vile hakuna kilichotokea. Baba mdogo alianguka katikati ya kicheko, na waliokuwa naye wakadhani anazidisha mzaha, wakaendelea kucheka. Hakuna hata mmoja aliyefika hamsini. Majirani hawakuhitaji daktari wa kuwaeleza. Walisema ukoo ule una moyo mbovu, na wenye mabinti wa kuozesha walilisema neno hilo kwa sauti ya chini, wakiangalia pembeni.

Fundi alikuwa mtoto wa pili katika watatu. Siku walipomzika kaka yake mkubwa, alikuwa kijana wa kutamanika, mrefu, mwenye mikono ya kazi, na tayari alikuwa amechumbia. Mchumba wake alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, mwanamke mwenye mwanya na sauti ya kuamuru iliyomchekesha kila mtu isipokuwa wanafunzi wake. Pale makaburini, wakati wengine wanalia, Fundi alikuwa akihesabu kichwani. Babu, baba, baba mdogo, kaka. Aliyefuata kwenye mstari alimjua.

Haikupita wiki akamwendea mwalimu na kumwambia wayaache mambo ya ndoa. Alisema hataki kumwacha mjane na watoto wadogo. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Kisha akamuuliza kama amepimwa. Akajibu hapana. Akamuuliza kama anajisikia vibaya. Akajibu bado.

"Basi unanikataa kwa ugonjwa ambao hujaugua," alisema mwalimu. Akachukua mkoba wake, akaondoka. Baadaye aliolewa na mtu mwingine, wakahamia mji mwingine, na habari zake zilikuja mara chache, kwanza za watoto, kisha za wajukuu.

Toka hapo Fundi akaanza kuishi kama mtu anayebeba beseni lililojaa maji hadi ukingoni. Alichagua kazi ya kutengeneza makochi kwa sababu ni kazi ya kukaa, ya peke yako, na sponji halina ugomvi na mtu. Aliacha chumvi, akaacha kahawa, akaacha kutazama mpira. Harusini alipeleka zawadi na kurudi kabla ngoma hazijapigwa. Watu wakianza kubishana alitoka nje. Karakana yake ilikuwa juu ya kilima, na palikuwa na ngazi za kupandia moja kwa moja, lakini yeye alizunguka kwa barabara ya magari, mikono nyuma, kila asubuhi na kila jioni. Wakamwita Taratibu. Wateja walikuwa na utani wao: anayetaka kochi la Taratibu aliagize angali mchumba, litakuwa tayari mtoto akianza kusimama dede. Lakini kochi likija, lilikuwa kochi kweli. Waliolinunua walilirithisha.

Kwake yeye mwenyewe hapakuwa na kochi. Alipanga chumba kimoja, akaweka kitanda, meza, na kiti cha mgeni ambacho kilikaliwa na nguo. Hakujenga. Hakununua koti jipya hata la zamani lilipotoka bitana, maana alijiuliza atalivaa kwa muda gani. Kila mwaka mpya aliupokea kama mtu aliyerudishiwa chenji asiyostahili, akaitia mfukoni bila kuitumia.

Mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba yao, alikuwa kinyume chake kwa kila kitu. Huyu walimwita Tarumbeta. Aliuza vipuri vya magari katika duka lililosikika kabla halijaonekana. Alioa mapema, akazaa watoto watatu, akala alichotaka, akagombana na nusu ya mtaa asubuhi na kupatana nao mchana. Fundi alimsihi apunguze makelele, afikirie moyo wake. Tarumbeta alimjibu mara moja tu, na jibu lile likamkaa kaka yake kooni kwa miaka: "Wewe unaogopa kufa. Mimi naogopa kukaa kama wewe."

Fundi akafika hamsini. Usiku wa kuamkia siku hiyo aliweka nyumba yake sawa, akavaa nguo safi, akalala chali. Asubuhi akaamka. Akaamka na kesho yake. Miaka ikaongezeka mpaka akakaribia sitini, na watu wakaanza kumtazama kwa jicho jingine. Kumbe yule waliyemcheka ndiye aliyejua kuishi. Wanawake wakawaambia waume zao waige mfano wa Taratibu, asiyekasirika, asiyekimbilia kitu, aliyekula chumvi nyingi kwa miaka ingawa haili kwa kijiko. Naye akawaamini. Aliona ule upole wake umelipa.

Tarumbeta hakufika hamsini. Alianguka dukani kwake akibishana na mteja juu ya beringi, na mteja akasema baadaye kwamba marehemu alikuwa anakaribia kushinda.

Mazishini watu walimlilia mdogo na kumkodolea macho mkubwa. Fundi alikaa kwenye kona, ameshika tama, hana chozi. Machozi nayo alikuwa ameyaacha pamoja na chumvi.

Mjane wa Tarumbeta alikuwa mwanamke asiyekubali mambo yabaki midomoni mwa watu. Matanga yalipoisha aliwakusanya watoto wake watatu akawapeleka hospitali kubwa kwa daktari wa moyo. Daktari, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliwapiga picha za moyo, akawatoa damu, akawaambia ukweli: upo ugonjwa wa misuli ya moyo kunenepa ndani kwa ndani, na huo hurithiwa. Mzazi akiwa nao, kila mtoto anarushiwa sarafu. Inaweza kuanguka upande huu, inaweza kuanguka upande ule.

Kwa vijana wawili wa kiume ilianguka vizuri. Kwa binti, mtoto wa kwanza, ilianguka vibaya.

Binti huyo alikuwa refa wa mpira wa miguu, na hata nyumbani waliacha kumwita jina lake, wakamwita Refa. Alikuwa amerithi sauti ya baba yake na miguu ambayo hakuna aliyejua imetoka kwa nani. Alianza na mechi za shule, akipuliza filimbi kati ya watoto wasiovaa viatu, na sasa alikuwa amepata beji ya kuchezesha ligi kubwa. Matusi ya mashabiki aliyapokea kama mtu anavyopokea manyunyu, anainua bega kidogo na kuendelea. Daktari alimwambia aache kukimbia. Akamwandikia vidonge, akampangia siku za kurudi kliniki, na akamweleza kwa kirefu kwamba watu wengi wenye moyo kama wake hutunzwa vizuri na kufika uzeeni. Refa hakuyasikia hayo ya pili. Aliishia kwenye lile la kwanza.

Asubuhi moja akaingia karakana ya baba yake mkubwa. Alikuwa amezunguka kwa barabara ya magari, polepole, vidole viwili vimegusa shingo kupima mapigo.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Nimekuja unifundishe."

"Kushona makochi?"

"Kuishi kama wewe," alisema Refa.

Katika maisha yote ya Fundi hakuna mtu aliyewahi kumwomba kitu kisichokuwa na miguu minne na mto. Akaiondoa stepla ya kubania vitambaa kwenye benchi, akapangusa vumbi la mbao kwa kiganja, akamwambia akae.

Ndivyo ilivyoanza. Refa akawa anakuja kila siku. Fundi alimwonyesha kufumua kochi kuukuu, kung'oa misumari bila kuchana mbao, kuvuta mikanda ya chini hadi ilie kama ngozi ya ngoma, kukata sponji kwa kisu kirefu kwa pumzi moja. Ndani ya makochi walikuta vitu vya watu: penseli, hereni, funguo, na mara moja meno ya bandia, ambayo mwenyewe aliyakana mbele ya mkewe. Binti alikuwa na jicho la mistari. Mshono wake ulinyooka kuliko wa mwalimu wake, na Fundi alipoona hivyo alimwachia kazi ya pembeni, inayoonekana na wageni.

Kwenye chai ya saa nne Refa aliigiza mashabiki. Alikuwa na yule mzee wa jukwaa la kaskazini aliyemwambia refa arudi jikoni, na yule mama aliyemtetea refa kisha akamtukana refa huyo huyo alipompa mwanawe kadi. Fundi alicheka. Mwanzoni alicheka kwa uangalifu, mkono kifuani, kisha akasahau mkono. Alianza kuamka kabla ya jogoo kusema lolote. Akanunua kikombe cha pili, na mkate akawa ananunua mzima badala ya nusu. Makochi yakaanza kukamilika mapema kiasi kwamba wateja walioagiza hawakuwa na nafasi ya kuyaweka.

Lakini binti alimwiga katika yote. Aliacha chumvi, aliacha muziki, aliacha marafiki wenye sauti. Mama yake alilalamika kwa Fundi kwamba mtoto anatembea ndani ya nyumba kama mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji jana. Fundi akasema ndiyo njia yenyewe.

Refa alikuwa na jambo moja lililomsumbua. Kwa nini Baba Mkubwa hajapimwa? Upole umemfikisha mbali, sawa, ila vidonge vingemfikisha mbali zaidi. Fundi alikataa. Aliujua ugonjwa wake, hakuhitaji kutambulishwa kwake. Binti hakuchoka. Kila chai alirudia, na mwisho akasema wataenda pamoja na kumeza dawa pamoja, mbele ya birika hili hili. Fundi akakubali kwa sababu ya hilo neno pamoja.

Walienda, damu ikatolewa, picha ikapigwa. Majibu yalipokuwa tayari Refa alikuwa na zamu yake ya kliniki chumba kingine, hivyo Fundi aliingia kwa daktari peke yake.

Daktari alivaa miwani, akasoma, akaivua.

"Mzee, moyo wako ni mzima kabisa."

"Mzima kiasi gani?"

"Mzima wote. Na damu yako haina kile kitu cha ukoo. Hukurithi."

Fundi aliuliza kama pengine umepona, kwa jinsi alivyojitunza. Daktari akatikisa kichwa. Ugonjwa huu haupo siku moja na kuondoka siku nyingine. Aliukosa tangu tumboni kwa mama yake. Akauliza tena kuhusu utulivu, kuhusu kukwepa hasira, kama havikufanya kazi yoyote. Daktari alisema mawazo mengi yanamchosha mtu yeyote, na kwa mwenye ugonjwa yanaweza kuuchokoza, kwa hiyo utulivu ni kitu kizuri. Lakini hauwezi kumwokoa mtu kutoka kwa kitu ambacho hana.

Daktari alitarajia mzee atabasamu. Wengi wakipewa habari kama ile humshika mkono, wengine hulia. Huyu alikaa ameinamisha kichwa kama aliyesomewa hukumu.

"Unaishi na nani, mzee?" daktari akauliza kwa upole.

"Peke yangu."

"Na asubuhi, nini kinakuamsha?"

Fundi aliwaza juu ya vikombe viwili vilivyo karakana. Akasema, "Kuna mtoto wa mdogo wangu."

"Basi mshikilie huyo. Watu wenye mtu au kazi ya kuamkia ndio ninaowaona humu wakizeeka vizuri."

Alipotoka alimwambia Refa aende nyumbani, yeye ana pa kupitia. Akafika chini ya kilima, penye ngazi. Alizitazama zile ngazi ambazo hakuzipanda tangu ujana wake. Kisha akakimbia. Alikimbia na koti lake lisilo na bitana, viatu vikipiga saruji, akiwapita wanafunzi, akampita muuza magazeti aliyedhani mzee ameibiwa na akageuka kumtafuta mwizi. Miguu ilimwuma, mapafu yaliwaka moto, na moyo ukadunda kwa nguvu, kwa mpangilio, kama nyundo mkononi mwa fundi hodari. Juu kabisa akasimama akingoja. Hakuna kilichotokea. Moyo ukapungua mwendo wenyewe, ukarudi kazini.

Akakaa kwenye ngazi ya mwisho, akalia kwa sauti mbele ya watu. Alimlilia mwalimu mwenye mwanya. Aliwalilia watoto ambao hawakuwa na majina kwa sababu hakuwapa nafasi ya kuwa nayo. Alimlilia pia Tarumbeta, kwa mara ya kwanza, na ndani ya kilio hicho mlikuwa na wivu, maana mdogo wake ndiye aliyekuwa na ugonjwa, na ndiye aliyeishi.

Kesho yake Refa alikuja mapema kuuliza majibu. Fundi alikuwa amejiandaa kusema. Aliinua macho akamwona amesimama mlangoni, kikombe chake mkononi, uso umejaa hofu na matumaini ya ajabu, matumaini ya kutokuwa peke yake. Ulimi ukamgeuka.

"Yale yale," alisema. "Kama wewe."

Binti akamkumbatia. Hapo ndipo uongo ulipopata nyumba.

Akanunua vitamini dukani, vidonge vyeupe vya duara visivyotofautiana sana na vya binti, akavitia kwenye kichupa cha zamani. Kila asubuhi walimeza pamoja mbele ya birika, na Refa akasema, "Haya, mapumziko yameisha, kipindi cha pili." Fundi alijiambia kwamba hamdhuru mtu. Mtoto anakunywa dawa, anatulia, ana mwenzake. Na yeye, aliyeambiwa amshikilie huyo mtoto, anamshikilia. Miezi ile ilikuwa mizuri kuliko miaka yake yote ukiiweka pamoja, na hilo ndilo lililomfanya ashindwe kuiachia.

Kisha akaja mpima ardhi.

Alikuwa kijana mwembamba, mwenye tope kwenye buti, mchumba wa Refa tangu enzi za mechi za shule. Alikuja mchana Refa akiwa kliniki. Alikataa kiti. Alisimama katikati ya marundo ya sponji, akizungusha kofia mikononi.

Alieleza kwamba Refa amevunja uchumba. Yeye amejua ugonjwa huo tangu siku ya kwanza, amekaa na daktari, ameuliza maswali yote, na bado anamtaka. Amemwambia hivyo mara nyingi mpaka amechoka kuisikia sauti yake mwenyewe. Jibu analopewa ni lile lile.

"Anasema hataki kuniacha peke yangu na watoto wadogo," alisema kijana. "Anasema wewe ulifanya hivyo, na ona umefika wapi. Mzee, mimi sikuja kukulaumu. Nimekuja kukuuliza. Ulifika wapi?"

Fundi alitazama karakana. Palikuwa na makochi mawili ya watu wengine, na mapazia aliyoyatundika yeye ili jua lisichujue vitambaa vya watu wengine. Kijana aliyafuata macho yake, akavaa kofia yake akaondoka.

Asubuhi iliyofuata Fundi hakuchemsha chai. Alimwambia Refa akae, naye akabaki amesimama. Akamwambia kwamba hana ugonjwa. Hakuwahi kuwa nao. Majibu yalikuja safi.

Kwanza binti alifurahi. Alikuwa na roho ya namna hiyo. Alimshika mikono, akamshukuru Mungu, akasema daktari alikosea mwanzoni basi. Kisha akaona mikono ile haimshiki.

"Umejua lini?"

"Siku ile ile."

"Na vidonge?"

"Vitamini."

Refa akaachia mikono. Fundi akaendelea haraka, kabla hajapoteza ujasiri. Alisema yeye hakuokolewa na upole, wala chumvi, wala barabara ya magari. Hapakuwa na cha kumwokoa nacho. Yeye alikuwa mzima, akajizika. Dawa za daktari ni kweli, na kliniki ni kweli, na kutokimbia uwanjani ni kweli, hayo ayashike kwa mikono miwili. Lakini mengine yote aliyomfundisha ni ya kutupa.

"Mpima ardhi alikuja hapa," akamalizia. "Rudi kwake."

Refa akachukua kichupa cha vitamini, akakitikisa, akakirudisha. Alipoongea, sauti ya baba yake ilikuwa imemtoka, ikabaki nyembamba.

"Ulitaka nikae hapa na wewe. Ndiyo maana hukusema."

"Ndiyo."

"Baba yangu aliniambia wewe ni mwoga. Mimi nilikutetea."

Akavua aproni, akaikunja vizuri kama alivyofundishwa, akaondoka.

Kama mambo yangeishia hapo, pengine Fundi angelala usingizi. Lakini wiki moja baadaye Refa alirudi. Macho yalikuwa yamevimba. Nyumbani mama yake alikuwa akimlilia mchana kutwa, marafiki walimwonea huruma kwa maneno ya kuudhi, na uwanja aliweza kuutazama kwa nje ya ukuta tu. Mpima ardhi hakumtafuta, au alimtafuta naye hakumjibu. Alisimama mlangoni na kusema amewaza, amemsamehe. Baba Mkubwa alikosea, lakini pale karakana ndipo mahali pekee anapopumua. Alimwomba wachemshe chai, waendelee kama zamani.

Hakuna kitu ambacho Fundi alikitaka duniani kuliko hicho. Kikombe cha Refa kilikuwa bado kwenye rafu, hajakigusa. Angesema njoo tu, na binti angekuwa wa kwake miaka yote iliyobaki, wawili wanakata sponji, wanazunguka kwa barabara ya magari, mpaka mmoja wao aanguke, na angejua ni yupi. Alimwona hivyo waziwazi, akiwa na mvi, bado vidole shingoni.

Akageuka, akaendelea kuvuta mkanda.

"Hapana," alisema. "Sina kazi ya kukupa."

"Sitaki mshahara, Baba Mkubwa."

"Mishono yako imepinda. Nimekuwa nikiifumua kila ukiondoka na kuirudia. Wateja wamelalamika. Sikutaka kukuumiza kwa sababu ulikuwa mgonjwa."

Hakumwangalia wakati akisema, kwa hiyo hakuona uso wake. Alisikia tu hatua. Hazikuwa za polepole. Zilishuka kwa ngazi, moja kwa moja, hatua za mtu mwenye hasira, na Fundi aliachia mkanda, akatoka hadi mlangoni roho mkononi, akingoja zisimame ghafla. Zilifika chini. Hakumwita.

Yaliyofuata aliyapata kwa shemeji yake, ambaye hakumsamehe ila hakuweza kuacha kumhadithia. Refa alikaa ndani muda, amefura, hazungumzi na mtu. Kisha hasira ile ile ikamtoa nje. Chama cha marefa kilikuwa kinatafuta mkufunzi, akaenda kuomba. Sasa anafundisha marefa wapya, ameketi kwenye kiti pembeni mwa uwanja, wao wanakimbia, yeye anapiga kelele za kutosha kuwazibua masikio. Alirudiana na mpima ardhi. Walipooana, shemeji alimletea Fundi mwaliko kwa siri. Hakwenda. Alitengeneza kochi zuri kuliko yote aliyowahi kutengeneza, akalipeleka kwa mkono wa mtu mwingine na kumwagiza aseme limetoka dukani. Alisikia kwamba lilikaa nje chini ya turubai siku kadhaa, kisha likaingizwa.

Karakana ikarudi kuwa kimya. Chai ya saa nne alikunywa amesimama. Alijaribu kuongea na wateja zaidi, kupanda ngazi, kusikiliza mpira redioni, lakini alikuwa mgeni katika mambo hayo kama mtu anayevaa nguo za marehemu. Wazee wenzake walimuuliza siri ya afya yake. Aliwaambia ni damu tu, wakadhani anawaficha.

Siku shemeji alipokuja mbio karakana, bila hata hodi, Fundi alijua moyo umetajwa. Refa alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Mimba ilikuwa ya kuwekwa chini ya macho, daktari wa moyo na wa uzazi wakisaidiana, na mwishoni mambo yalikwenda kombo kidogo, mapigo yakavurugika. Yuko hai. Amefungwa waya. Shemeji alikuwa amemuuliza kama amwite Baba Mkubwa.

"Akasemaje?"

"Alifumba macho."

Fundi akavua aproni.

Wodini palikuwa na harufu ya dawa ya sakafu na maziwa. Refa alikuwa amelala, uso umepauka, waya zimeingia chini ya shuka, na pembeni yake kioo kidogo kikichora vilima vya kijani, kimoja baada ya kingine. Mpima ardhi alikuwa kwenye kiti na mtoto kifuani. Alimtambua mzee, akainuka, akamwekea mtoto mikononi kabla hajapata nafasi ya kukataa.

Alikuwa mwepesi kuliko mto wa kochi. Fundi hakuwahi kushika kichanga. Aliweka kiganja mgongoni mwake, na chini ya kitambaa akausikia moyo, mdogo, wa haraka mno, kama kitu kinachokimbia kutoroka.

"Mbona unakwenda mbio hivi?" aliuliza kwa hofu.

"Wote ndivyo walivyo wakiwa wadogo," kijana alimjibu. "Tumeuliza."

"Mtampima?"

"Akikua kidogo. Daktari amesema tusubiri."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Alisimama hapo na mtoto mpaka mkono ukamfa ganzi, naye hakutaka kuubadilisha. Kitandani Refa alivuta pumzi ndefu, akageuza shingo upande wao, kope zikacheza. Fundi akamrudisha mtoto kwa baba yake haraka, akamwashiria yeye na shemeji wasiseme, akachukua kofia yake, na Refa alipofumbua macho pale hapakuwa na mtu, ila mumewe na mama yake, waliomwambia kwamba hakuna aliyekuja.